Wakatoliki Weusi wa Marekani na Utume wa Kutoa

Tangu mwaka 1990, Wakatoliki weusi wa Marekani huutenga mwezi wa Novemba ili kuikumbuka historia yao ndani ya Kanisa. Mwezi huo una sababu zake. Ndio mwezi wa Watakatifu Wote na wa Marehemu Wote. Tena ndani yake imo sikukuu ya Mtakatifu Martin wa Porres, tarehe 3, na siku aliyozaliwa Mtakatifu Augustino wa Hippo, tarehe 13. Katika kumbukumbu hiyo hutajwa kwanza waamini sita ambao mchakato wa kuwatangaza watakatifu unaendelea: Pierre Toussaint, Mama Mary Lange, Mama Henriette Delille, Padre Augustus Tolton, Julia Greeley na Sista Thea Bowman.

Makala hii inaangalia upande mmoja wa urithi wao, yaani uongozi wa Wakatoliki weusi katika kutoa sadaka na kuanzisha kazi za huruma. Inawaeleza wanne kati ya hao sita, pamoja na walei wengine ambao hawako katika mchakato huo lakini mali zao zilijenga shule na nyumba za maskini. Kisha inataja vyama walivyounda, na mafundisho ambayo Kanisa linaweza kuyachota kwao.

Nusu ya historia

Mwaka 1884 maaskofu wa Marekani walikutana katika Mtaguso wa Tatu wa Baltimore. Miongoni mwa maamuzi yao, waliagiza kwamba Jumapili ya kwanza ya Kwaresima ichangwe sadaka kila mwaka katika parokia zote kwa ajili ya umisionari kati ya watu weusi na wenyeji wa asili wa nchi hiyo. Mchango huo ulikuwa tendo jema, nao unaendelea hadi leo.

Hata hivyo, anayeisoma historia kupitia mchango huo peke yake ataona nusu tu ya ukweli. Atadhani kwamba mtu mweusi katika Kanisa la Marekani alikuwa mpokeaji, na kwamba mkono uliotoa ulikuwa wa mtu mweupe. Ukweli ni kwamba hadi mwaka huo 1884, Wakatoliki weusi walikuwa wamekwisha kuendesha shule, vituo vya yatima na nyumba za wazee kwa zaidi ya nusu karne. Wengi wao walizianzisha kabla utumwa haujakomeshwa nchini humo mwaka 1865. Jambo hili si dogo. Mtu anayehesabiwa daima kuwa mpokeaji huzoeleka kushukuru tu, na sauti yake haitafutwi mambo yanapoamuliwa.

Pierre Toussaint wa New York

Pierre Toussaint alizaliwa mtumwa katika Saint-Domingue, koloni la Ufaransa ambalo leo ni nchi ya Haiti. Mwaka 1787 familia ya Bérard iliyommiliki ilimleta New York, ikampeleka kujifunza kazi ya ususi. Wakati ule wanawake wa tabaka la juu walitumia fedha nyingi kwa ajili ya nywele zao, na Toussaint akawa msusi aliyetafutwa sana katika nyumba za matajiri wa mji huo.

Bwana wake alirudi Saint-Domingue kuangalia mali zake, akafia huko, na mali yote ikapotea. Mjane wake akabaki New York bila kitu. Toussaint, ambaye kisheria alikuwa bado mtumwa wake, aliitunza nyumba ile kwa mapato yake ya ususi, naye alifanya hivyo kwa namna ya kumwepusha mama huyo na aibu. Alipewa uhuru mwaka 1807, mjane huyo alipokuwa karibu kufa.

Baada ya hapo mapato yake yaliendelea kuwafikia wengine. Alilipia uhuru wa dada yake Rosalie na wa Juliette Noel, ambaye alifunga naye ndoa mwaka 1811. Yeye na Juliette waliwapokea nyumbani kwao watoto weusi yatima, wakawasomesha na kuwatafutia kazi. Walimlea pia Euphémie, binti wa Rosalie, aliyefariki kwa kifua kikuu mwaka 1829 akiwa bado msichana mdogo. Homa ya manjano ilipouvamia mji, Toussaint aliingia katika nyumba ambazo wengine walizikimbia, akawauguza wagonjwa.

Sehemu ya kazi yake isiyosemwa sana ni uchangishaji. Akiwa katika nyumba za wateja wake aliomba michango kwa ajili ya kituo cha yatima cha Masista wa Upendo, shirika lililoanzishwa na Mtakatifu Elizabeth Ann Seton. Watoto wa kituo hicho walikuwa weupe. Alisaidia pia ujenzi wa kanisa kuu la kwanza la Mtakatifu Patrisi. Mwaka 1842 alizuiwa kuingia mlangoni mwa kanisa hilohilo kwa sababu ya rangi yake, hata mmoja wa wasimamizi wa kanisa akamwandikia barua ya kumwomba radhi. Toussaint hakuacha Kanisa wala hakuacha kutoa. Kila asubuhi, kwa miaka mingi, alihudhuria Misa katika Parokia ya Mtakatifu Petro, mtaa wa Barclay, kabla ya kwenda kazini kwa miguu.

Moto mkubwa uliounguza sehemu ya New York mwaka 1835 ulimpotezea sehemu kubwa ya akiba yake. Rafiki zake walitaka kumchangia. Akakataa, akisema wapo waliohitaji zaidi. Na aliposhauriwa apumzike kwa kuwa alikuwa na cha kumtosha, alijibu kwamba akiacha kazi kitamtosha yeye, ila hakitawatosha wengine. Alifariki tarehe 30 Juni 1853. Mwaka 1990 masalia yake yalihamishiwa katika kaburi la chini ya altare ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Patrisi la sasa, wanakozikwa maaskofu wakuu wa New York. Yeye ndiye mlei wa kwanza kuzikwa humo. Mwaka 1996 Mtakatifu Yohane Paulo II alitambua fadhila zake za kishujaa.

Mama Mary Lange na Masista Waoblati wa Maongozi ya Mungu

Elizabeth Lange alitoka katika familia ya wakimbizi wa Saint-Domingue waliohamia Cuba, naye akafika Baltimore mwanzoni mwa karne ya 19. Maryland lilikuwa jimbo la utumwa, na hapakuwa na shule za umma kwa watoto weusi. Lange alikuwa na urithi kutoka kwa baba yake. Pamoja na mwenzake Marie Magdelaine Balas aliutumia kuendesha shule nyumbani kwake, bila kuwatoza watoto ada.

Kwa msaada wa Padre James Joubert, Msulpisi, shule hiyo ilizaa shirika la kitawa. Tarehe 2 Julai 1829 wanawake wanne weusi waliweka nadhiri, na Lange akawa mkuu wa kwanza. Hilo ndilo shirika la kwanza la kudumu la watawa wa kike wenye asili ya Afrika nchini Marekani. Papa Gregori XVI aliliidhinisha mwaka 1831. Mwaka uliofuata kipindupindu kiliingia Baltimore, na masista hao walikwenda kuuguza wagonjwa katika nyumba ya maskini ya mji. Sista Anthony Duchemin alipoteza maisha katika utumishi huo.

Jaribu kubwa lilikuja baada ya kifo cha Padre Joubert mwaka 1843. Masista walibaki bila mlezi na karibu bila riziki, na wakuu wa Kanisa waliona heri shirika livunjwe. Masista walifua nguo na kushona ili wapate chakula chao na cha watoto yatima waliokuwa nao. Mama Lange mwenyewe alifanya kazi za ndani katika seminari. Shirika halikuvunjika. Shule yao, Saint Frances Academy, iliyoanza mwaka 1828, inafundisha Baltimore hadi leo. Mama Lange alifariki tarehe 3 Februari 1882, na mwaka 2023 Papa Fransisko alitambua fadhila zake za kishujaa.

Wafadhili wa New Orleans

Mji wa New Orleans ulikuwa na jamii kubwa ya watu weusi na machotara waliokuwa huru, wengi wao Wakatoliki wenye kusema Kifaransa. Katika jamii hiyo walitokea watoaji watatu ambao kazi zao zinashikamana.

Wa kwanza ni Marie Couvent. Alizaliwa Afrika Magharibi, akachukuliwa utumwani akiwa mtoto, akapelekwa Saint-Domingue na hatimaye akafika New Orleans, alikopata uhuru. Hakujua kusoma wala kuandika. Katika wosia wake wa mwaka 1832 aliagiza kwamba kiwanja chake na majengo yake vitumike kuwa shule ya bure kwa watoto yatima weusi, chini ya uangalizi wa Kanisa Katoliki. Alifariki mwaka 1837, lakini wosia ulikaa miaka kumi bila kutekelezwa. Watu weusi wa mji walipoona hivyo waliunda chama, wakaudai, na mwaka 1848 shule ikafunguliwa. Lazima isemwe pia kwamba Couvent, aliyeonja utumwa, yeye mwenyewe alimiliki watumwa, kama walivyofanya wengi wenye mali wa mji huo. Sadaka yake haifuti kosa hilo, nalo kosa halifuti shule aliyoiacha.

Wa pili ni Mama Henriette Delille, aliyezaliwa mwaka 1812 katika familia ya watu huru. Wanawake wa ukoo wake walikuwa wamezoea kuishi na wanaume weupe wenye mali bila ndoa, kwa kuwa sheria haikuruhusu ndoa kati ya rangi hizo mbili. Henriette aliikataa njia hiyo. Mwaka 1842, pamoja na Juliette Gaudin na baadaye Josephine Charles, alianzisha Shirika la Masista wa Familia Takatifu. Walifundisha katekisimu kwa watumwa na kwa watu huru, walisimama kuwa wasimamizi wao wa ubatizo na mashahidi wao wa ndoa, na waliwakusanya wazee wasio na mtu wa kuwatunza. Nyumba yao ya wazee huhesabiwa kuwa ya kale kuliko zote za Kikatoliki nchini Marekani. Delille alifariki tarehe 16 Novemba 1862. Papa Benedikto XVI alitambua fadhila zake za kishujaa mwaka 2010.

Wa tatu ni Thomy Lafon, aliyezaliwa mwaka 1810. Alipata utajiri mkubwa kwa biashara ya nyumba, viwanja na mikopo, huku akiishi maisha ya kawaida sana. Alichangia harakati za kukomesha utumwa, akategemeza yatima na wazee, na alipofariki mwaka 1893 aliacha sehemu kubwa ya mali yake, iliyofikia mamia ya maelfu ya dola, kwa taasisi za huruma za weusi na za weupe. Nyumba ya wazee ya Masista wa Familia Takatifu ilipewa jina lake. Hivyo kazi iliyoanzishwa na Delille, mwenye uwezo mdogo, iliimarishwa na mali ya Lafon, aliyekuwa nao mkubwa.

Julia Greeley wa Denver

Julia Greeley alizaliwa mtumwa mjini Hannibal, jimbo la Missouri. Alipokuwa mtoto, mjeledi wa mwenye watumwa uliokuwa ukimchapa mama yake ulimpata jichoni, akapoteza jicho la kulia. Baada ya kupata uhuru alihamia Denver, jimbo la Colorado, akafanya kazi za ndani. Alibatizwa katika Parokia ya Moyo Mtakatifu wa Yesu mwaka 1880, na mwaka 1901 alijiunga na Utawa wa Tatu wa Mtakatifu Fransisko.

Mshahara wake ulikuwa dola 10 au 12 kwa mwezi. Kwa fedha hiyo alinunua chakula, nguo na makaa kwa ajili ya maskini. Ilipokwisha, aliomba kwa wengine. Alivipakia vitu hivyo katika kigari kidogo chekundu cha kukokota, akavipeleka usiku kwa kupitia vichochoro. Kulikuwa na sababu ya kuchagua usiku. Familia nyingi alizozisaidia zilikuwa za weupe, na aliogopa zisije zikaona haya mbele ya majirani kwa kusaidiwa na mwanamke mweusi. Kila mwezi pia alivizungukia vituo vya wazimamoto kwa miguu, akigawa vijitabu vya ibada ya Moyo Mtakatifu.

Alifariki tarehe 7 Juni 1918, siku yenyewe ya sherehe ya Moyo Mtakatifu wa Yesu. Mwili wake ulipowekwa kanisani, watu wapatao elfu moja, maskini na matajiri, walipita kumuaga kwa muda wa saa tano. Hapo ndipo wengi walipojua ukubwa wa kile alichokifanya gizani. Mchakato wake ulifunguliwa mwaka 2016.

Kutoka sadaka ya mtu mmoja hadi chama

Kutoa kwa mtu mmoja hukoma anapokufa, isipokuwa kama ameacha chombo cha kukiendeleza. Wakatoliki weusi walilitambua hilo mapema. Daniel Rudd, mwandishi wa habari aliyezaliwa utumwani Kentucky mwaka 1854, aliitisha kongamano la kwanza la Wakatoliki weusi, lililofunguliwa mjini Washington tarehe 1 Januari 1889. Padre Augustus Tolton, aliyekuwa pia amezaliwa utumwani, aliadhimisha Misa Takatifu. Wajumbe walei walizungumzia shule, mafunzo ya ufundi na malezi ya yatima, wakieleza wao wenyewe mahitaji ya watu wao na njia za kuyatimiza. Hadi mwaka 1894 makongamano matano yalikuwa yamefanyika.

Tarehe 7 Novemba 1909, mjini Mobile, jimbo la Alabama, mapadre wanne wa Shirika la Wayosefiti na walei watatu walianzisha chama cha Mashujaa wa Mtakatifu Petro Claver. Mmoja wa mapadre hao, John Henry Dorsey, alikuwa mweusi. Na mlei Gilbert Faustina akawa kiongozi mkuu wa kwanza. Wakati huo vyama vya kindugu vya Kikatoliki havikuwapokea wanaume weusi. Chama hicho kiliwaunganisha wanachama katika kusaidiana wakati wa ugonjwa na msiba, na katika kusomesha vijana. Hadi leo ni miongoni mwa vyama vikubwa vya walei weusi nchini Marekani.

Mafundisho kwa Kanisa

Katika maisha ya watu hawa tunaweza kutambua mambo manne.

Kwanza, hawakungoja ziada. Mtume Paulo anawasifu Wakristo wa Makedonia kwa sababu walitoa wakiwa katika umaskini mkubwa (2Kor 8:1-5), na Bwana Yesu anamweka mjane wa senti mbili mbele ya matajiri (Mk 12:41-44). Greeley na masista wa Baltimore waliyaishi maneno hayo.

Pili, walilinda heshima ya aliyepokea. Toussaint alimwepusha mjane na aibu. Greeley aliwaepusha majirani na masengenyo. Yesu alipofundisha kwamba sadaka itolewe kwa siri (Mt 6:2-4), alimlinda mtoaji asijivune. Mifano hii inatuonyesha kwamba siri hiyo humlinda pia mpokeaji asidhalilike.

Tatu, walitoa hata nje ya watu wao. Yatima weupe wa New York na familia maskini za weupe wa Denver walikula kwa jasho la watu weusi, katika nchi iliyowanyima watu hao haki zao. Hapa ndipo upendo wa Kikristo unapopita mipaka ya kulipana fadhila.

Nne, ukarimu wao haukuwa badala ya haki. Ni kosa kuusifu moyo wa Mama Lange huku tukisahau kwamba alifua nguo kwa sababu wenye uwezo waliwaacha masista wake. Papa Benedikto XVI, katika waraka wake Deus Caritas Est wa mwaka 2005, anafundisha kwamba huduma ya upendo ni sehemu ya asili ya Kanisa, sawa na Neno na Sakramenti, na haiwezi kuachwa kwa wengine. Lakini pia kwamba haki lazima itafutwe. Anayemsifu maskini kwa kutoa, kisha akauacha mlango umefungwa mbele yake, hajajifunza kitu.

Mafundisho haya yanatugusa nasi. Papa Paulo VI, alipofika Kampala mwaka 1969, aliwaambia Waafrika kwamba wakati umefika wa wao kuwa wamisionari wao wenyewe. Parokia zetu nyingi zilijengwa kwa sadaka za mbali, na tunazishukuru. Lakini Jumuiya Ndogo Ndogo inayosema kwamba haina cha kutoa mpaka apatikane mfadhili, itazame kigari cha Julia Greeley. Mgonjwa wa jirani, ada ya mtoto yatima na posho ya katekista ni mambo yanayoweza kuanzia kwetu.

Hali ya mchakato wao

Hadi Kanisa lilipotambua fadhila zao za kishujaa, Toussaint, Lange na Delille waliitwa Watumishi wa Mungu. Sasa wanaitwa Wastahili Heshima. Julia Greeley bado ni Mtumishi wa Mungu. Ili mtu atangazwe Mwenyeheri, kwa kawaida huhitajika muujiza mmoja uliothibitishwa kutokana na maombezi yake. Na mwingine ili atangazwe Mtakatifu. Kwa sasa hawawekewi ibada rasmi ya hadhara, lakini kila mwamini anaruhusiwa kuwaomba kwa faragha wamwombee. Wale wenye mzigo wa kulea yatima, kuuguza wagonjwa au kuendesha shule isiyo na fedha watapata kwao waombezi walioijua kazi hiyo.